Tupeane uzoefu: mliotembelea Ugiriki na visiwa vyake, safari iliwaendeaje?

Binti Chumbageni

Wakuu, salaam. Wiki hii nimesoma kwamba Acropolis ya Athens, kile kilima chenye mahekalu ya kale, imefungwa tena saa za mchana kwa ajili ya joto, na habari hiyo imenirudisha kwenye Julai ile niliyosimama na mama mdogo chini ya kilima, tiketi mkononi, huku walinzi wakituelekeza kwenye kivuli cha mizeituni. Hatukunung'unika hata kidogo, kwa sababu muda mfupi kabla yetu mzee mmoja alikuwa ameshushwa kwa machela, uso umemwiva na midomo imemkauka. Tulirudi jioni, na hapo ndipo nilipoiona Parthenon, hekalu kuu la kilimani, kwa utulivu, hadi nikaweza kuifuata kwa macho mishono ambapo mafundi wameunganisha marumaru mpya nyeupe na vipande vya kale vilivyofifia. Jengo lile lilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK, likasimama karibu zima hadi mwaka 1687, Waturuki walipokuwa wamelifanya ghala la baruti na kombora la Wavenisi likaliangukia.

Naomba kila aliyefika Ugiriki aeleze lililompata, hasa visiwani. Mimi natanguliza haya ya Acropolis: tiketi siku hizi ina saa yake maalumu ya kuingia, idadi ya wageni imewekewa ukomo wa 20,000 kwa siku, na tangu Aprili 2025 bei ni yuro 30. Chagueni saa mbili asubuhi, lango linapofunguliwa, na vaeni viatu vyenye soli ya mpira, kwa sababu mwamba wa kule juu umelainishwa na nyayo za karne nyingi na unateleza hata ukiwa mkavu.

Mtoto wa Makupa

Dada, safari yangu ilikuwa karibu inifie Nairobi kabla sijaiona hiyo Acropolis. Wakala mmoja wa safari alichukua fedha zangu, akanijazia fomu ya viza na kuniwekea uthibitisho wa hoteli ambayo haikuwa na chumba chochote kwa jina langu, na niligundua usiku wa kuamkia miadi ya ubalozi. Nilikesha nikipanga upya kila kitu kwa mkono wangu. Anayetaka kwenda ajue kwamba ada ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, kwamba bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000 za matibabu, na kwamba maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Mimi nashauri miezi mitatu kabla, kwa sababu nafasi za miadi huisha kunapokaribia majira ya joto.

Kijana wa Sinza

Mkuu, mambo ya kusubiri miadi ya ubalozi mmoja ni ya nini? Viza ya Schengen ni moja. Ombeni kwenye ubalozi wenye nafasi, kisha nendeni Ugiriki.

Mtoto wa Makupa

Ndugu yangu, usiwaponze watu. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, na muda ukilingana ni nchi utakayoingia kwanza. Mtu akiomba kwa nchi nyingine huku hoteli zake zote ziko Crete, kisiwa cha Ugiriki, anaweza kunyimwa, na kunyimwa huko kutabaki kwenye kumbukumbu zao atakapoomba tena. Ushauri wa namna hiyo usiutoe hadharani.

Baharia Mstaafu

Vijana wangu, mimi nimekula chumvi nyingi katika meli za mizigo za Wagiriki, na Piraeus, bandari ya Athens, naijua tangu enzi ambazo mabaharia wa Tanga, Mombasa na Unguja walikuwa wakikutana pale kutafuta kazi. Baadhi yao hawakurudi tena. Walioa, wakazaa, na hadi leo mtaa wa Kypseli mjini Athens utasikia Kiswahili dukani. Sasa nisikilizeni kuhusu upepo.

Julai na Agosti huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Kinachowadanganya wageni ni kwamba huvuma mbingu ikiwa safi kabisa, bila wingu hata moja, kwa hiyo mtu anatazama juu anaona siku njema, wakati chini bahari imechafuka. Kaskazi yetu humpa mwenye jahazi nafasi ya kujipanga. Meltemi inaweza kuamka asubuhi na kufunga bandari kabla ya adhuhuri. Upepo ukifika kiwango cha 8 cha Beaufort, kipimo cha nguvu ya upepo, meli nyingi za abiria huzuiwa kuondoka, na boti nyepesi ziendazo kasi huzuiwa mapema zaidi. Niliporudi kule kama abiria pamoja na binti yangu, tulinaswa kisiwa cha Mykonos kwa sababu hiyo. Watu walilala gatini juu ya mabegi, mama mmoja Mfaransa akimlilia mwenye dirisha la tiketi kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta upepo, na binti yangu akiwa na ndege ya kurudi nyumbani asubuhi ya pili yake. Bahari ilitulia usiku, tukavuka, tukafika uwanja wa ndege wamekwisha kufunga mlango. Meli ilituandikia tiketi mpya bila malipo, kama sheria ya Ulaya inavyotaka, lakini ndege haikutulipa chochote, kwa kuwa kosa halikuwa lao.

Kwa hiyo usiku wa mwisho ulaleni Athens, si kisiwani. Na pale Piraeus angalieni namba ya lango kwenye tiketi, kwa sababu bandari ni kubwa mno. Meli za visiwa vya Cyclades kwa kawaida huwa upande wa lango E7, karibu na kituo cha treni, ilhali za Rhodes huwa E1, mwendo mrefu kwa mtu mwenye mizigo. Ndani ya bandari kuna basi la bure. Kutoka uwanja wa ndege treni ya chini ya ardhi hufika Piraeus moja kwa moja bila kubadilisha.

Kijana wa Sinza

Hapa mzee umesema kweli tupu. Mimi pia nilinaswa kisiwa cha Naxos.

Mwalimu wa Kale

Mzee umeitaja Mykonos, nami ndiko nilikopanda boti kwenda Delos, mwendo wa nusu saa hivi, kisiwa ambacho Wagiriki wa kale waliamini miungu yao Apollo na Artemis walizaliwa. Sijapata kuona mahali penye ukali kama pale. Hakuna mti wa kivuli, hakuna nyumba ya wageni, na kulala kisiwani hakuruhusiwi isipokuwa kwa walinzi na wanaakiolojia. Mwaka 426 KK Waathene walifukua makaburi yote na kuyahamishia kisiwa cha jirani, wakaamuru kwamba tangu siku hiyo asizaliwe mtu wala asife mtu Delos. Wajawazito na wagonjwa mahututi walivushwa. Nilitembea kwenye vichochoro vya mji ule, nikaona visima, vizingiti, na sakafu za vijiwe vya rangi vilivyopangwa kwa mkono hadi ukatokea mnyama mwenye mabawa, na wafanyabiashara wenye nyumba zile walitoka pande zote za Mediterania. Simba maarufu wanaoonekana nje ni nakala. Wenyewe wamehifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho.

Nawasihi watu wa pwani ya Afrika Mashariki wasiende Ugiriki kama wageni wa mbali wasiohusika. Maelezo ya maandishi ya kale zaidi tuliyo nayo kuhusu pwani yetu kwa mapana, yanayotaja bandari ya Rhapta na kisiwa cha Menouthias, yaliandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza na mfanyabiashara aliyeishi Misri. Wataalamu wanabishana hadi leo iwapo Rhapta ilikuwa Rufiji au kwingineko, lakini lugha iliyotuandika ni hiyo wanayozungumza kule, katika umbo lake la kale.

Mama Hamburg

Nimesoma habari za joto na upepo nikashindwa kunyamaza, kwa sababu mimi nilikuwa kisiwa cha Rhodes Julai 2023, wakati wa moto.

Mimi ni muuguzi, naishi Hamburg, na tulikwenda na mume wangu, watoto na mama mkwe, tukafikia hoteli upande wa Kiotari, pwani ya kusini mashariki. Moto ulikuwa umeanza milimani katikati ya kisiwa tarehe 18. Siku zilizofuata usiku tuliuona wekundu wake nyuma ya vilima, mchana watu wakaendelea kuogelea, kwa kuwa kila mtu alisema uko mbali. Jumamosi ya tarehe 22 upepo uligeuka. Majivu yalianza kudondoka kwenye bwawa la hoteli, na nilipoyashika kiganjani, mengine yalikuwa bado na umbo la sindano za msonobari, kisha yakasagika. Halafu simu zote zikalia kwa mpigo mmoja, mlio mkali wa dharura, na ujumbe wa 112, namba ya dharura ya Ulaya, ukatuamuru kuondoka eneo lile.

Kampuni iliyotuuzia safari haikuwa na mtu wa kutujibu. Tulishika barabara kwa miguu pamoja na mamia ya watu, watoto nikiwa nimewafunika pua kwa taulo nilizozilowesha bafuni. Mama mkwe ana goti bovu. Basi la kwanza lilipita limejaa, la pili vilevile. Mzee mmoja Mgiriki mwenye gari la kubebea mboga alisimama, akashusha makreti ya nyanya kando ya barabara, akampandisha mama mkwe na watoto juu, na sisi tukafuata nyuma tukiwa tumeshika bodi. Hakukubali kupokea hata senti. Ufukweni moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba sikujua tena jua liko upande gani. Boti za wavuvi, za walinzi wa pwani na za watu binafsi zilikuwa zikisogea karibu na mchanga, nasi tukaingia majini hadi kiunoni. Watoto walipitishwa mkono kwa mkono. Nilimtoa mwanangu mdogo kwa watu nisiowajua, na kwa muda ambao siwezi kuupima niliona shati lake la njano tu, likiyumba juu ya boti, huku mimi bado nikiwa majini na mawimbi yakinisukuma nyuma. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi wakati wa korona, na bado saa ile ndiyo mbaya kuliko zote nilizowahi kupitia.

Usiku tulilala kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Rhodes. Wanawake wa mtaa ule walikuja kwa zamu wakiwa na mkate, maji, nepi na mashuka yaliyonukia sabuni. Siku zile walihamishwa takriban watu 19,000. Pasipoti zetu na kibali changu cha kuishi Ujerumani nilikuwa nimevifunga kiunoni ndani ya mfuko wa nailoni. Wengi waliviacha kwenye kasha la hoteli, na wizara ya mambo ya nje ya Ugiriki ililazimika kuweka meza uwanja wa ndege kuwahudumia waliopoteza hati zao. Siku chache baadaye ndege ya kuzima moto ilianguka kisiwa cha Evia na marubani wake wawili wakafariki. Nawaombea mpaka leo.

Binti Chumbageni

Pole sana, dada. Nimesoma huku machozi yananitoka. Mama mkwe na watoto wanaendeleaje?

Mtoto wa Makupa

Pole sana, dada. Tumshukuru Mungu. Je, fedha zenu mlirudishiwa?

Mama Hamburg

Asanteni, ndugu zangu. Mama mkwe ni mzima, na watoto wanaogelea tena. Kuhusu fedha, kampuni ilituzungusha kwa miezi kabla ya kulipa. Serikali ya Ugiriki kwa upande wake ilitangaza kuponi za yuro 300 hadi 500 kwa watalii waliohamishwa, za kutumika katika hoteli za Rhodes mwaka 2024.

Kijana wa Sinza

Kwa hiyo hoja imekwisha. Asiende mtu Ugiriki mwezi Julai, na anayewapeleka watoto visiwani msimu huo anajitafutia.

Mama Hamburg

Hapana, kaka, hilo silikubali. Wenye watoto shuleni hatuchagui mwezi. Likizo ndiyo inayotuchagulia. Tena watu waliotutoa majini wanaishi mwaka mzima kwa mapato ya miezi ile michache, na walipofutiwa nafasi zote baada ya moto ndio walioumia mara ya pili. Mtu aende, lakini akubali arifa za dharura kwenye simu yake, ajue njia mbili za kutoka hotelini kwake, na hati zake ziwe mwilini, si kwenye kasha.

Jirani wa Usambara

Na wala msidhani majira ya baridi ndiyo salama. Januari na Februari 2025 ardhi ilitetemeka mfululizo karibu na Santorini, na zaidi ya watu 11,000 waliondoka kisiwani kwa meli na ndege. Dada yangu anafanya kazi hotelini kule; alilala na viatu miguuni. Wazee wa kisiwa walikuwa na sababu ya kuogopa, maana tetemeko la mwaka 1956 liliua watu wengi na kubomoa nyumba nyingi.

Mwalimu wa Kale

Ndiyo maana nawaomba mnaokwenda Santorini msiishie kupiga picha za machweo. Nendeni Akrotiri. Ni mji wa Enzi ya Shaba uliofunikwa na majivu ya volkano, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967. Kuna nyumba za ghorofa, mabomba ya maji machafu chini ya mtaa, na mitungi ya nafaka ikiwa bado imepangwa. Lakini hawajakuta maiti mle mjini. Inaelekea watu walizisoma dalili wakaondoka mapema. Niliposoma habari ya dada wa Hamburg, niliwaza ni nani aliyewasimamishia gari la mboga watu wale.

Jirani wa Usambara

Akrotiri sawa, lakini Knossos huko Crete msipoteze yuro zenu. Mwanaakiolojia Arthur Evans alianza kuchimba mwaka 1900, kisha akajengea saruji na kupaka nguzo rangi kwa namna alivyofikiri yeye. Nililipa kuona kasri la Waminoa, watu wa kale wa Crete, nikaonyeshwa mawazo ya Mwingereza.

Mwalimu wa Kale

Hukumu hiyo ni kali mno. Evans alizidisha, nakubali, lakini bila ngazi zile kuinuliwa sehemu kubwa ingekwisha kuporomoka, na mtoto wa shule asingeelewa kwamba jengo lilikuwa na ghorofa kadhaa. Anayetaka mawe yasiyoguswa aende Phaistos, upande wa kusini wa kisiwa hichohicho, na anayetaka michoro halisi aende makumbusho ya Heraklion. Vyote viwili vinastahili siku.

Jirani wa Usambara

Mwalimu, ukimtetea Evans utamtetea na Elgin, yule balozi wa Uingereza aliyeng'oa sanamu za Parthenon na kuzipeleka London, serikali ya Uingereza ikazinunua mwaka 1816. Mimi niliona kwenye makumbusho mapya ya Acropolis, yaliyofunguliwa 2009, wale wanawake wa mawe waliobeba dari la Erechtheion, hekalu jingine la palepale kilimani. Wako watano, na nafasi ya wa sita imeachwa wazi. Nilikumbuka mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, aliyechimbwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, ambaye mpaka sasa amesimama Berlin.

Mwalimu wa Kale

Elgin simtetei hata kwa neno moja. Evans alichokifukua kilibaki Crete kwa sehemu kubwa sana, na hiyo ndiyo tofauti ninayoishikilia. Juu ya sanamu za Parthenon na mjusi wa Tendaguru tuko pamoja.

Shemasi wa Kibosho

Nami niongeze la wanaokwenda kwa ajili ya imani. Chini kidogo ya Acropolis pana mwamba wa Areopago, ambapo Mtume Paulo aliwahutubia Waathene, kama ilivyoandikwa Matendo ya Mitume sura ya 17. Hakuna kiingilio, na maneno yale yamechorwa kwa Kigiriki kwenye bamba la shaba ukutani mwa mwamba. Sisi tulisoma sura nzima kwa sauti kwa Kiswahili, na mzee mmoja mwenyeji alivua kofia akasubiri tumalize. Kisiwa cha Patmo hakina uwanja wa ndege. Mnakwenda kwa meli, muda wa saa saba hadi tisa hivi kutoka Piraeus, na mara nyingi mnafika usiku. Pango linaloaminika kuwa la Yohana wa kitabu cha Ufunuo ni dogo. Ingieni kwa makundi madogo, mkiwa mmefunika mabega na magoti, na mkae kimya muda wa kutosha.

Mkimbiaji wa Kapsabet

Wote mnabishana juu ya Julai, na jibu ni Novemba. Ndio mwezi wa mbio za Athens, zinazoanzia mji wa Marathon na kuishia uwanja wa Panathenaic, wenye viti vya marumaru, uliotumika katika Olimpiki ya mwaka 1896. Njia inapanda kuanzia karibu kilomita ya 10 hadi ya 31, kwa hiyo muda mzuri pale una heshima yake. Felix Kandie aliweka rekodi ya njia ile ya saa 2:10:37 mwaka 2014, na Edwin Kiptoo akaivunja mwaka 2023 kwa saa 2:10:34. Mimi nilikuwa nyuma sana yao, lakini kizee mmoja wa Kigiriki alinipa tawi la mzeituni njiani, na niliposema natoka Kenya alilitaja jina la Ezekiel Kemboi, aliyeshinda dhahabu palepale Athens mwaka 2004. Mchana jua lilikuwa la kadiri, na Acropolis niliingia bila kusukumana.

Binti Chumbageni

Novemba imenivutia, kaka, ila mama mdogo anataka visiwa, naye bahari humlevya hata feri ya Kigamboni. Afanyeje?

Kijana wa Sinza

Apande boti iendayo kasi, asafiri muda mfupi, ateseke mara moja.

Baharia Mstaafu

Asithubutu. Boti ile hurukaruka juu ya wimbi na abiria wamefungiwa ndani. Mpandisheni meli kubwa ya kawaida, akae katikati ya meli, sitaha ya chini, ale kitu kikavu, na atazame upeo wa bahari badala ya simu. Tangawizi inasaidia.

Mama Hamburg

Na dawa anywe kabla ya meli kung'oa nanga, si baada ya kuanza kutapika. Akiwa na shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Mtoto wa Makupa

Jueni pia kwamba mwishoni mwa Oktoba safari nyingi za visiwa vidogo hupunguzwa na hoteli nyingi hufungwa. Mkitaka visiwa bila joto kali wala umati, shikeni mwishoni mwa Septemba. Viza muianze Juni.